Pesa ya Jeshi: Noti Zilizokuwa na Thamani Ndani ya Seng'enge Pekee

Kila wiki swali hili halikosi kutufikia, kwa simu au kwa ujumbe. Mteja ana pointi elfu tatu na kitu kwenye laini yake, ameenda kwa ejenti kuzitoa, na ejenti amemwambia hapana. Mwingine anauliza kuhusu vocha ya supamaketi aliyopewa kazini Desemba: mbona mwenye kibanda cha mtaani kwake haitaki? Mwingine amenunua kredo nyingi kuliko alivyokusudia na anataka irudi kuwa pesa.

Jibu fupi ni kwamba kuna pesa ya barabarani na kuna pesa ya ndani ya ua. Ya barabarani unaenda nayo kokote. Ya ndani ya ua ina thamani kwa aliyeitoa na kwa wale aliowaruhusu, basi. Ukiivusha nje ya ua, thamani yake inategemea huruma ya watu.

Leo tunachukua njia ndefu kidogo kueleza tofauti hiyo, kwa sababu hakuna waliotumia pesa ya ndani ya ua kwa wingi na kwa ukali kama wanajeshi. Kwa miaka karibu thelathini jeshi la Marekani lilikuwa na noti zake lenyewe. Zilikuwa na rangi, picha za kupendeza na thamani kamili ya dola. Lakini ukiwa upande usiofaa wa seng'enge, ungeweza kulala na mshahara wa mwezi na kuamka na karatasi.

Berlin 1945: saa za mkono na bamba za kuchapisha

Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia mwisho, Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walijua wataingia Ujerumani na majeshi makubwa sana. Askari anakula, anakunywa, ananyolewa, ananunua zawadi ya kupeleka nyumbani. Atalipa na nini? Akilipa kwa dola, dola zitamwagika kwenye nchi isiyo na bidhaa, bei zitapaa, na raia wataanza kuikataa pesa yao wenyewe. Kwa hivyo zikachapishwa noti maalum, marki za majeshi ya washirika, zitumike na askari na raia wa Ujerumani vile vile. Wamarekani walizichapisha karibu na Boston.

Mpaka hapo mambo sawa. Shida ilikuja pale Wasovieti waliposema wanataka kuchapisha zao wenyewe. Baada ya mvutano, mwaka 1944 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwakabidhi bamba za kuchapishia. Hebu tuliseme hilo kwa lugha ya biashara yetu: ni kama kumpa mwenzako uwezo wa kujiandikia salio kwenye mfumo wako, halafu wewe ndiwe unayelipa kila anayekuja kutoa. Noti za Kisovieti zilitambulika kwa kistari kidogo mbele ya nambari ya noti. Huko sokoni nani atahangaika na kistari?

Askari wengi wa Kisovieti walilipwa malimbikizo ya mishahara ya miaka kwa marki hizo, na hawakuwa na njia ya kuzigeuza rubli nyumbani. Ilibidi wazitumie hapo hapo. Walichokitaka kuliko vyote ni saa za mkono. Saa ya bei rahisi yenye picha ya Mickey Mouse, ambayo Mmarekani aliinunua kwa dola chache, ilikwenda kwa marki za thamani ya mamia ya dola. Sigara na chokoleti nazo zikawa mali.

Sasa angalia pesa ilivyovuja. Askari Mmarekani anauza saa. Anachukua bunda lake la marki hadi ofisi ya fedha ya kambi, ambako kiwango rasmi ni marki 10 kwa dola 1. Anapewa dola halisi, anatuma kwa mke wake Ohio. Mwezi wa Julai 1945 askari wa Marekani walioko Berlin walilipwa mishahara ya kama dola milioni 1, na wakatuma nyumbani kama dola milioni 3. Hesabu gani hiyo! Mtu hawezi kutuma mara tatu ya anacholipwa, ila kama kuna mahali salio linatengenezwa bila pesa kuwekwa. Suala hilo lilipofika Seneti ya Marekani mwaka 1947, ilionekana kwamba katika nchi zote zilizokaliwa jeshi lilikuwa limebadilisha zaidi ya dola milioni 250 kupita mishahara liliyokuwa limelipa.

Sisi tunaofanya kazi ya malipo tunaisoma habari hii tukishika kichwa. Kitu cha kwanza unachofundishwa ukiingia kazi hii ni kwamba salio lote lililo mikononi mwa wateja lazima lilingane na pesa iliyowekwa benki, shilingi kwa shilingi. Berlin walikuwa wawili wanaounda salio na mmoja anayelipa.

Noti isiyotoka nje

Dawa ilianza kutumika tarehe 16 Septemba 1946. Jeshi la Marekani lilitoa vyeti vya malipo vya kijeshi, ambavyo askari wenyewe waliviita majina mengi ya utani, mengi yakiwa na maana ya hela ya mchezo. Na kweli zilifanana na hela ya mchezo: karatasi ndogo ndogo za rangi ya waridi, buluu, kijani na zambarau, zenye sura za wanawake warembo badala ya marais. Hazikuwa na sarafu. Hata senti 5 ilikuwa karatasi, kisha senti 10, 25 na 50, dola 1, 5 na 10. Noti ya dola 20 iliongezwa baadaye sana, mwaka 1968.

Maandishi yaliyochapishwa kwenye kila noti yalisema wazi kwamba ni ya kutumika ndani ya vituo vya jeshi la Marekani tu, na watu walioruhusiwa tu, kwa kufuata kanuni. Yaani masharti na vigezo viliandikwa kwenye noti yenyewe. Tukumbuke hilo, kwa sababu linarudi baadaye.

Utaratibu ulikuwa hivi. Askari akifika kituoni ng'ambo, dola zake za kawaida anazisalimisha na kupewa vyeti. Mshahara analipwa kwa vyeti. Ndani ya kambi ananunulia sabuni, bia, redio, tiketi ya sinema. Akitaka kutoka kwenda mjini, anabadilisha vyeti kuwa pesa ya nchi hiyo kwa kiwango rasmi, hapo hapo kambini. Akitaka kutuma nyumbani, anapitia posta au ofisi ya fedha, ambako kuna kumbukumbu ya alicholipwa. Siku ya kurudi kwao, anarudishiwa dola. Kumiliki dola za kijani ukiwa kituoni lilikuwa kosa, na kumpa raia wa nje cheti lilikuwa kosa pia.

Ukiiangalia kama mfumo wa malipo, ni kazi nzuri. Mlango wa kuingilia ni mmoja, wa kutokea ni mmoja, na kwenye kila mlango kuna karani. Ulidumu tangu 1946 hadi 1973 katika nchi zaidi ya ishirini, kutoka Japani hadi Italia, Ujerumani hadi Korea.

Waingereza nao walitoa vocha zao maalum mwaka 1946, za kutumika kwenye kantini na maduka ya jeshi lao Ujerumani na kwingineko, kuanzia pensi 3 hadi pauni 1. Lakini si kila mahali walifanya hivyo. Walipoiteka Somalia ya Waitaliano mwaka 1941, shilingi ya Afrika Mashariki, ile ile iliyokuwa ikinunua unga Nairobi na Mombasa, ilikwenda nao na kuwa pesa ya huko kwa miaka kadhaa. Mwenye duka wa Mogadishu aliyeuza chai kwa askari wa Kenya alipokea pesa ya barabarani. Linganisha na mwenzake wa Saigon, ambaye ndiye tunaenda kumwangalia.

Vietnam, na siku milango ilipofungwa

Vyeti hivi viliingia Vietnam ya Kusini tarehe 31 Agosti 1965, wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yanaongezeka kwa kasi. Kabla ya hapo askari huko walilipwa dola za kawaida, na dola hizo zilikuwa zinapotelea mtaani. Pesa ya nchi iliitwa piastre. Kuanzia 1966 kiwango rasmi kilikuwa piastre 118 kwa dola 1, lakini mtaani dola ilipata zaidi ya hapo, na kadiri vita vilivyoendelea pengo likazidi kupanuka. Penye pengo kati ya bei ya ofisi na bei ya mtaa, watu watapita. Hilo mkazi yeyote wa mji wa mpakani analijua.

Kanuni ilisema cheti hakitoki nje ya kambi. Lakini kambi haikuwa kisiwa. Kuna mama anayefua nguo za askari. Kuna kinyozi, fundi wa viatu, mwenye baa, dereva wa teksi, wasichana wanaohudumu, kijana anayeuza soda kando ya barabara. Askari ana vyeti mfukoni, hana piastre, au hataki kupanga foleni ya kubadilisha kwa kiwango asichokipenda. Anatoa cheti cha dola 1. Mama wa kufua anajua cheti hicho kinapokelewa na mwenye baa, mwenye baa anajua kuna askari atakayekichukua, na mbele zaidi kuna wafanyabiashara wakubwa wa pesa wanaokusanya vyeti kwa mabunda. Kwa hivyo anakipokea. Miezi inapita na anaona kinakubalika kila mahali anapokwenda. Kwake hicho ni pesa kabisa, na pengine anakiamini kuliko piastre ambayo mfumuko wa bei unaitafuna kila siku.

Jeshi lilijua. Njia yake ya kupambana na uvujaji huo ilikuwa siku ya kubadilisha.

Siku hiyo ilitunzwa kama siri ya vita. Noti za muundo mpya zilichapishwa na kuletwa kimya kimya. Kisha asubuhi moja, bila onyo, milango ya kambi zote ilifungwa kwa wakati mmoja. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, na wafanyakazi Wavietnamu wa kambini hawaruhusiwi kupita. Askari wanapanga foleni na kutoa vyeti vyao vyote vya zamani, wanahesabiwa, wanapewa vipya. Walio porini wanafuatwa huko huko na maafisa wao. Mwenye kiasi kisichoelezeka anaulizwa maswali. Siku ikiisha, muundo wa zamani umekufa. Haulipwi tena na yeyote, mahali popote.

Vietnam ilipitia siku kama hiyo tarehe 21 Oktoba 1968, tena tarehe 11 Agosti 1969, tena tarehe 7 Oktoba 1970. Angalia tarehe hizo. Muundo wa kwanza ulidumu miaka mitatu na zaidi, wa pili haukufika hata miezi kumi, wa tatu kama miezi kumi na minne. Ua ulikuwa unavuja kwa kasi, na wenye ua walikuwa wanakazana kuziba. Mwaka 1969 Seneti ya Marekani ilikuwa tayari inafanya uchunguzi wake kuhusu biashara haramu ya pesa huko Vietnam, na ilikuta kwamba watu wakubwa wa biashara hiyo walikuwa na akaunti benki za nje. Hao walijua hatari na waliitoza ndani ya bei yao.

Mama wa kufua hakuwa na akaunti nje. Habari ikimfikia kwamba milango imefungwa, alikimbilia kwenye ua na kile alichonacho. Watu walisimama nje ya seng'enge wakiwaonyesha askari noti, wakiwaomba wawabadilishie. Wako askari walioogopa adhabu na kukataa. Wako waliochukua noti na kuleta mpya kwa uaminifu. Na wako waliozinunua kwa sehemu ndogo ya thamani yake, wakaenda kuzibadilisha kwa thamani kamili wao wenyewe.

Hapo ndipo sisi tunapotofautiana na wanaosifu mfumo huu kwa ujanja wake. Hoja ya jeshi ni kwamba noti iliandikwa wazi nani aitumie, na raia yeyote aliyeishika aliishika kinyume cha kanuni. Kweli, iliandikwa, kwa Kiingereza, kwenye nchi isiyosoma Kiingereza. Lakini tuliweke hilo kando. Aliyevunja kanuni ya kwanza ni askari aliyelipia nguo zake kwa cheti, na siku ya kubadilisha yeye alibadilishiwa kila senti iliyobaki mfukoni mwake. Aliyefua nguo ndiye aliyepoteza. Kazi alifanya, nguo zilivaliwa, na malipo yakafutwa baada ya kazi. Adhabu ya mfumo ilimwangukia mtu wa mwisho kushika noti, na mtu wa mwisho karibu kila mara ndiye mwenye habari kidogo kuliko wote.

Vyeti vilikomeshwa Vietnam tarehe 15 Machi 1973, wiki mbili kabla askari wa mwisho wa kivita wa Marekani kuondoka.

Pale raia alipolazimishwa

Kuna jambo baya kuliko hilo, na hatuwezi kulipita. Vietnam raia alikatazwa kushika pesa ya jeshi. Hong Kong, chini ya Wajapani, alilazimishwa. Baada ya kuiteka Hong Kong mwezi Desemba 1941, jeshi la Japani liliingiza yen ya kijeshi. Wakazi walitakiwa kubadilisha dola zao za Hong Kong, mwanzoni dola 2 kwa yen 1, kisha mwaka 1942 ikawa dola 4 kwa yen 1. Mwaka 1943 kutumia dola ya Hong Kong kulipigwa marufuku kabisa. Yen hiyo haikuwa na hazina nyuma yake. Jeshi lilichapisha kadiri lilivyohitaji.

Japani iliposhindwa mwaka 1945, yen ya kijeshi ilifutwa na familia zikabaki na masanduku ya karatasi. Wengine hawakuzitupa. Walizihifadhi zaidi ya miaka hamsini, wakaungana na kuishtaki serikali ya Japani, na mwaka 1999 mahakama ya Tokyo ikatupilia mbali madai yao.

Na sisi je? Noti ya elfu moja, 2019

Msomaji wa Kenya atasema, lakini hata sisi tulibadilishiwa noti. Ni kweli, na ulinganisho huo unafundisha. Siku ya Madaraka mwaka 2019, pale Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma. Lengo halikuwa mbali sana na la wale wa Vietnam: kuwabana waliolimbikiza pesa isiyoelezeka. Lakini tarehe ya mwisho ilikuwa 30 Septemba. Miezi minne. Mama mboga alikuwa na muda wa kumwaga kibubu chake, mzee wa kijijini alikuwa na muda wa kutuma mjukuu benki, na mwenye magunia ndiye aliyepaswa kujieleza. Mwisho wake, noti za shilingi bilioni 7.4 hazikurudi.

Shilingi ni pesa ya barabarani, na hata inapofutwa, kila anayeishika ana haki ya kubadilishiwa kabla ya siku ya mwisho. Cheti cha jeshi hakikumpa mtu wa nje haki hiyo hata siku moja.

Kurudi kwenye simu yako

Salio la pesa kwenye simu, lile unalotuma na kutoa, ni la aina gani? Kwa sheria ya Kenya ya mifumo ya malipo ya mwaka 2011 na kanuni zake za 2014, kampuni inayotoa pesa ya kielektroniki lazima iweke pesa halisi inayolingana nayo kwenye akaunti za amana, tofauti na pesa za kampuni yenyewe. Ukitaka kutoa, unapewa shilingi kwa shilingi, kasoro ada tu. Kwa hivyo ingawa huioni, hiyo ni pesa ya barabarani.

Pointi si hivyo. Pointi ni ahadi ya kampuni kukupa zawadi au huduma, kwa masharti yake, na mara nyingi ina tarehe ya kuisha. Vocha ya supamaketi ni ahadi ya supamaketi hiyo. Kredo ni huduma uliyolipia mapema. Zote zina matumizi, na hatusemi usizichukue. Hata misaada huja hivyo: tangu 2015, WFP iliwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya chakula chao kama salio la simu, Bamba Chakula, la kununulia vyakula tu kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Ilikuwa nafuu kubwa kuliko kupanga foleni ya gunia, kwa sababu mtu aliweza kuchagua maharagwe au mchele. Lakini daftari la shule halikununulika kwayo.

Ushauri wetu hasa ni kwa mwenye biashara ndogo. Mteja akija na vocha ya duka fulani akitaka kukulipia deni, au akikuomba umpe taslimu yeye akutumie kredo, wewe ndiwe unayesogezwa kwenye nafasi ya yule mama wa kufua. Kabla ya kukubali, jiulize ni nani atakayeichukua baada yako, kama wewe binafsi umo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia, na inaisha lini. Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo, ipokee tu kama kuna kitu mahususi unachotaka kununua kwayo wiki hii hii. Wale wanaonunua kredo mtandaoni kwa bei ya chini wanalijua hili vizuri: punguzo wanalokukata ni bei ya kuivusha seng'enge.

Na ukiwa na pointi, zitumie. Pointi haizai riba. Cha ajabu ni kwamba hata jeshi la Marekani lilielewa umuhimu wa kumpa askari mahali pazuri pa kuweka pesa kuliko mfukoni: mwaka 1966 lilianzisha mpango wa akiba kwa walioko ng'ambo, wenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Dola iliyolala huko ilikuwa dola isiyofika sokoni Saigon.

Kadibodi na chipu

Pesa ya jeshi haikufa mwaka 1973, imebadilika tu. Vita vya Afghanistan vilipoanza mwaka 2001, maduka ya jeshi la Marekani yalikutana na tatizo la kizamani: chenji. Sarafu ni chuma, chuma ni kizito, na kila kilo inayosafirishwa kwa ndege kwenda vitani ni kilo ya kitu kingine kilichoachwa. Wakachapisha vibonge vya kadibodi vya duara, vya senti 5, 10 na 25, vyenye picha upande mmoja. Askari akirudi nyumbani alibadilishiwa kwenye duka lolote la jeshi. Sisi tuliozoea kupewa peremende badala ya shilingi moja tunaweza kuwahurumia, ingawa peremende yetu haikubadilishwa popote.

Kisha kuna kadi. Wizara ya Fedha ya Marekani ina kadi inayoitwa EagleCash, inayotumika kambini ng'ambo. Thamani imehifadhiwa kwenye chipu ya kadi yenyewe, kwa hivyo mashine ya dukani inaweza kuikata bila kuwasiliana na benki, jambo la maana sana mahali ambapo hakuna mtandao. Kadi hiyo nayo ni ya ndani ya ua. Tofauti na cheti cha karatasi, haitiririki kutoka mkono hadi mkono: inakaa kwa jina la mtu, na hakuna mama wa kufua atakayebaki nayo siku mambo yakibadilika.

Umepata noti ya zamani nyumbani?

Swali hili nalo huja, hasa baada ya mazishi, sanduku la mzee linapofunguliwa. Cheti cha malipo cha jeshi la Marekani hakilipwi tena na serikali yao. Wanaokinunua ni wakusanyaji wa noti, na baadhi ya miundo hupata bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa. Dola ya Marekani yenye neno HAWAII lililochapishwa kwa herufi kubwa mgongoni ni jambo tofauti. Hiyo ilitolewa mwaka 1942, ili kama Wajapani wangekiteka kisiwa noti hizo zifutwe. Kisiwa hakikutekwa, hazikufutwa, na mpaka leo ni dola halali, ila kuitumia dukani ni hasara kwa sababu mkusanyaji atakupa zaidi.

Kwetu hapa uwezekano mkubwa ni noti nyingine. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo wengi kutoka Kenya, walipigana kwenye bonde la Kabaw huko Burma. Wajapani walikuwa wamechapisha rupia zao za huko, zenye maneno ya Kiingereza yanayotaja Serikali ya Japani na herufi B mwanzoni mwa alama zake, na Waingereza waliporudi 1945 walikataa kuzitambua. Kama babu alirudi na karatasi ya namna hiyo, benki haitaipokea, na kwa mkusanyaji haina bei kubwa kwa sababu zilichapishwa nyingi mno. Itie kwenye bahasha ya plastiki, mbali na unyevu, na uandike nyuma ya bahasha jina lake na kikosi alichotumikia wakati bado kuna mtu nyumbani anayekumbuka.